Asqalan, Mji Uliobaki katika Kitunguu

Juma hili twaingia jikoni, ingawa hatutatoka na mapishi.

Katika baadhi ya maduka makubwa huuzwa vitunguu vidogo vya rangi ya shaba, virefu kidogo, ambavyo ukivimenya huona viwili vitatu vimeshikana ndani ya ganda moja. Juu ya pakiti huandikwa kwa Kiingereza «shallots». Wengi wetu huvipita, kwa kuwa kitunguu maji cha sokoni hufanya kazi ile ile kwa bei nafuu. Lakini neno lile lina mji ndani yake: Asqalan, mji wa pwani ya Palestina, kaskazini ya Ghaza.

Wayunani walivijua vitunguu vya Asqalan zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Theophrastus, aliyeandika juu ya mimea, anavitaja. Warumi nao wakaviita «ascalonia», yaani vya Asqalan. Wafaransa wakalirithi neno na kulifupisha hadi likawa «échalote», na Waingereza wakapata maneno mawili kutoka asili hiyo moja: «shallot», na «scallion», ambalo hutumika zaidi kwa vile tunavyoviita vitunguu vya majani. Hata wataalamu wa mimea waliviita kwa Kilatini Allium ascalonicum. Mpishi wa Paris anayekatakata kitunguu chake leo anautamka mji huo, wala hana habari.

Sisi tunayo njia nyingine ya kuujua, nayo ni vitabu vyetu. Nani katika madarasa ya pwani hajasikia Bulugh al-Maram? Mtungaji wake, Ibn Hajar al-Asqalani, alizaliwa Cairo mwaka 773 Hijria, takriban karne moja baada ya mji wa wazee wake kuwa magofu, na bado akaibeba nisba yake. Ni yeye aliyeandika Fat-hul Bari, sherehe ya Sahihi al-Bukhari. Humo ndimo alimofafanua hadithi zinazomtaka aliyekula thomu au kitunguu kibichi asiukaribie msikiti. Tunatabasamu tukiwaza kwamba Mwasqalani ndiye aliyeyafafanua mambo ya kitunguu.

Imamu wetu Shafi, ambaye tunasali kwa madhehebu yake kutoka Lamu hadi Vanga, alizaliwa mwaka 150 Hijria. Riwaya moja yasema ni Ghaza, nyingine yasema ni Asqalan, na wako wanazuoni waliozipatanisha kwa kueleza kuwa Ghaza ilihesabiwa katika eneo la Asqalan. Mji huo wenyewe uliitwa Arus al-Sham, bibi harusi wa Shamu.

Bibi harusi huyo alivunjwa na watu wake. Mwaka 1191 Salahuddin aliubomoa ili usiangukie mikononi mwa Wapiganaji wa Msalaba, na kadhi wake, Bahauddin ibn Shaddad, amesimulia kuwa Sultani alisema heri kufiwa na wanawe wote kuliko kuvunja jiwe moja la mji ule. Mwaka 1270 Baybars akamaliza kilichobaki. Karibu na magofu watu waliendelea kuishi katika mji wa al-Majdal, mji wa wafumaji, hadi vita vya mwaka 1948. Wengi walikimbilia Ghaza, na waliosalia wakapelekwa huko kwa nguvu mwaka 1950. Jina la kale limerudi katika ramani kwa matamshi mengine, Ashkelon, na wanaoishi humo ni wengine.

Yako majina mengi ya miji na nchi yaliyogeuka kuwa vitu. Mwarabu huita chungwa «burtuqal», kutokana na Ureno. Bibi zetu walivaa merikani, na kila mtu alijua kitambaa kile kimetoka Marekani. Lakini Ureno ipo, na wenyewe wamo ndani yake. Asqalan ni jina ambalo dunia nzima imelila, huku wajukuu wa mji huo wakihesabiwa miongoni mwa wakimbizi wa Ghaza, safari fupi tu kwa gari kama njia ingekuwa wazi. Kwa hiyo hatuoni kuwa ni jambo dogo, binti akiuliza pakiti ile imeandikwa nini, kumwambia: ni vitunguu vya Asqalan. Jina hilo ni la Kiswahili safi na ni fupi, na ndilo lile lile waliloliita Warumi.

Wafumaji wa al-Majdal nao walichukua mitambo yao na ufundi wao hadi Ghaza, na kitambaa chao kikaendelea kuitwa majdalawi. Aina moja, yenye mistari ya kijani na myekundu pembeni, wanawake waliipa jina kama sisi tunavyozipa leso zetu: Janna wa Nar, Pepo na Moto. Walivaa kanzu za kitambaa hicho kambini.