Gari Jekundu la Kunduchi

Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mwarobaini, Kunduchi, karibu na pale harufu ya samaki wa kuanikwa inapoanza kusikika. Lilikuwa Toyota Celica la mwaka 2000, jekundu, la milango miwili, namba B. Wakazi wa Dar es Salaam husoma umri wa gari katika herufi: mwaka huo wa 2019 magari yanayosajiliwa yalikuwa yakipewa D, hivyo B ilikwishakuwa mtu mzima. Aliyekuja kulitazama alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Mbagala. Alitoka kwake alfajiri, akabadilisha daladala mara tatu, akalivuka jiji zima kutoka Temeke hadi pembe ya kaskazini ya Kinondoni. Alikuwa na shilingi milioni nane, mkopo wa chama cha kuweka na kukopa. Mkopo aliutia saini yeye. Aliyeudhamini ni mkewe, kwa akiba aliyoichuma miaka kumi juu ya cherehani. Jambo hilo la mkewe likumbukwe.

Kwa nini Celica, wakati kila mwenye busara mjini alikuwa akimshauri atafute gari la milango minne linalobeba watoto na magunia? Mwaka 1994 mwalimu huyu alikuwa mwanafunzi Tanga, na mjomba wake aliyefanya kazi Mombasa alimletea ukurasa wa gazeti wenye picha ya Celica iliyojaa matope. Mwaka huo Ian Duncan, Mkenya, alishinda nayo Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na watu wa nchi tatu waliyahesabu kuwa yao, hata wale ambao hawakuwa na baiskeli. Kati ya 1984 na 1995 Celica ilishinda mara nane. Kusema kweli, gari la Kunduchi lilikuwa na jina lile tu. Celica za mwisho, zilizotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2006, zilivutwa na magurudumu ya mbele pekee, nazo ziliundwa kwa barabara za lami. Mwalimu alilijua hilo, lakini mapenzi ya utotoni hayasikilizi hoja za namna hiyo.

Mwenye gari alichelewa, na mwalimu akapata muda wa kwenda kuyatazama magofu ya Kunduchi: msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 18, ambayo waashi wake walipachika bakuli za Kichina katika chokaa. Bakuli nyingi zimekwisha ng'olewa. Yamebaki matundu ya mviringo. Aliyepata kuisoma Inkishafi hahitaji kuambiwa zaidi.

Wenzake katika chumba cha walimu walikuwa wamempa mafunzo. Litazame bodi kwa ubavu, walimwambia, jua likiwa bado chini, utaona mawimbi mahali palipowahi kunyooshwa. Gonga kwa kiungo cha kidole: bati hulia, puti huguna. Na la mwisho, beba sumaku iliyofungwa kitambaa uipitishe polepole, kwani sumaku haishiki puti. Mwalimu alitazama, akagonga hapa na pale. Sumaku hakuitoa mfukoni. Mwenye gari alikwisha mwita ndugu yangu, akamkatia dafu, akamwulizia afya ya watoto. Kumtolea mtu sumaku baada ya dafu kulionekana kama kumwita mwongo mbele ya mlango wake. Watu wa pwani wataielewa aibu hiyo, na pengine wataisamehe kuliko wengine.

Tena kasoro moja ilikuwa wazi. Juu ya paa rangi ilikuwa ikibanduka magamba magamba, na wekundu chini yake umepauka ukafanana na tofali. Upepo wa bahari na jua la miaka mingi havikuacha kitu. "Rangi tu hiyo, mwalimu," alisema mwenye gari, akapunguza laki tano bila kuombwa sana. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mtu huyu alikuwa amempigia mwalimu simu mara tatu kwa siku kwa wiki nzima. Lakini kasoro inayojionyesha ina ujanja wake: humfanya mnunuzi aone amekwisha kuwa mwerevu. Wakaandikiana mkataba kwa milioni saba na nusu.

Fundi rangi alikuwa Tandika, chini ya miembe miwili. Alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa Kilwa, mjukuu wa mtu aliyekuwa akipaka deheni majahazi. Wenye vyombo wanajua kwamba mafuta yale yaliyochanganywa na chokaa hayakuwa pambo: chombo kisichopakwa huliwa na wadudu wa baharini. Fundi aliitazama rangi ya gari kwa jicho hilohilo. Alianza na msasa. Neno hilo, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, lilikuwa mti, na majani yake yenye kukwaruza ndiyo waliyotumia maseremala wetu kulainishia mbao.

Siku ya pili, ubavuni kushoto, nyuma ya mlango, msasa ulikata wekundu, ukakuta kijivu, ukakuta wekundu mwingine ulioiva zaidi, kisha ukaingia katika kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda. Kilikuwa puti, unene wa kidole. Fundi hakusema neno. Alichukua sumaku yake, akaiweka. Ikateleza, ikaanguka mchangani. Alipochokonoa kwa bisibisi, chini yake bati lilikuwa limechanika na kuliwa na kutu. Gari lilikwisha pata ajali kubwa, likafichwa.

"Nafunga, mwalimu," alisema fundi. "Siku mbili. Hata aliyekuuzia akija hatapajua."

Hakuwa akisema uongo, wala hakuwa mtu mbaya. Hiyo ndiyo kazi anayoombwa kila wiki. Alieleza pia kilichobaki. Puti hunywa maji. Maji yakiipata kwa nyuma, kupitia bati lililotoboka, rangi ya juu hufura malengelenge, na masika moja yanatosha. Lakini hadi masika yafike, gari lingekuwa kwa mtu mwingine. Kijana wa Mwananyamala alikwisha lipitia na kuliulizia. Njia ya haki ilikuwa kukata bati bovu, kuchomelea jipya, kisha ndipo kupaka, kwa milioni moja na laki mbili. Mwalimu hakuwa hata na nusu yake.

Alilala siku tatu na jambo hilo. Siku ya nne akamleta mkewe Tandika. Mama yule alipitisha kiganja juu ya ubavu ule, kama apitishavyo juu ya kitambaa kabla ya kukikata.

"Hiki ni kiraka juu ya nguo iliyooza," alisema. "Uzi haushiki hapa." Akanyamaza kidogo. "Baba watoto, huyo kijana mwonyeshe. Halafu tusikie anatoa ngapi."

Fundi akaambiwa asifunge. Kijana alikuja Jumamosi, akachuchumaa mbele ya lile donda, akacheka, akatoa milioni tano na laki sita. Wakamkubalia. Deni la milioni mbili kasoro laki moja likabaki kukatwa katika mshahara, mwezi kwa mwezi, kwa miaka miwili, na akiba ya mama ikabaki imefungwa katika dhamana muda huohuo. Duka la ushonaji alilokusudia kulifungua Mbagala Rangi Tatu likaahirishwa. Hakulipigia kelele; lakini hakulisahau.

Kijana alilipia bati jipya. Siku ya kupaka, mwalimu alikwenda kutazama, ingawa gari halikuwa lake tena. Namba ya rangi imeandikwa katika kibao cha chuma ndani ya gari, na duka huichanganya kwa namba hiyo. Lakini kinachotoka ni wekundu wa kiwandani, na jua la miaka 19 halina namba. Fundi aliongeza tone la nyeusi, kisha la njano, akapaka kibati cha kujaribia, akakianika, kwani rangi mbichi hudanganya. Akarudia mara tano. Alimwagia ardhi maji kidogo ili vumbi lisiruke, si mengi, maana unyevu ukizidi hewani rangi hushika ukungu. Akajifunga kitambaa mdomoni, ambacho hakizuii sumu ya rangi hizi za siku hizi, akawasha kompresa.

Ilipokauka, mwalimu aliinama kutafuta mahali wekundu mpya ulipokutana na ule wa zamani. Hakupaona. Kijana alimsogeza taratibu, akatoa mfukoni sumaku iliyofungwa leso, akaiweka juu ya ubavu. Ikanasa.