Shangingi, Pikapu na Fundi wa Bunda

Kiswahili kina neno ambalo wahandisi wa Toyota hawakulitunga, na huenda hawajawahi kulisikia: shangingi. Kabla ya kulipachika gari, tulilitumia kumsema mwanamke wa mjini mwenye makeke na makuu. Katika miaka ya 1990, baada ya Azimio la Zanzibar la 1991 kulegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha mwaka 1967, neno hilo likahamia kwenye Land Cruiser za wakubwa na likadumu huko. Wananchi walikuwa wakimsema aliyeketi kiti cha nyuma, injini hawakuihukumu. Leo naomba tufungue boneti, kwa sababu nazidi kuamini kwamba sehemu kubwa ya siasa ya gari la umma imo humo kuliko kwenye viti vya ngozi.

Hivi karibuni nilikuwa mkoani Mara kwa siku nne, nikiwatembelea wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo Musoma, Butiama na Bunda. Tulisafiri kwa pikapu ya Land Cruiser ya kuazima, yenye umri wa zaidi ya miaka 20, bomba lake la hewa likiwa limepanda kando ya kioo kama mkonga wa tembo. Kiyoyozi chake kilikwisha kufa, na springi zake za bapa humkumbusha abiria kila jiwe. Lakini tulipoiacha lami na kuingia njia za vijijini, ambako udongo mweusi ukinyeshewa hunata kama ugali wa udaga, gari lilipita. Dereva aliunganisha ekseli ya mbele, akaweka gia ya nguvu, akaondoka taratibu kama mtu anayevuka mto aujuao.

Ukoo wa gari hilo ni mrefu. Toyota ilitengeneza gari lake la kwanza la aina hiyo mwaka 1951, na jina la Land Cruiser likaja mwaka 1954. Familia inayoitwa 70, ambayo ndiyo mama wa pikapu zetu, ilitoka mwaka 1984. Mwaka 1990 ikaja injini ya dizeli iitwayo 1HZ: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina tabo, na nguvu yake ni ya farasi 130 hivi. Kwa ukubwa wake, hizo ni nguvu chache. Mhandisi aliyeibuni aliacha kwa makusudi kukamua kila tone, na ndiyo sababu huishi muda mrefu.

Msomaji wa sayansi za jamii aniruhusu maelezo mafupi, maana hoja yangu inayategemea. Injini ya petroli huhitaji cheche ya umeme ili iwake. Injini ya dizeli, kwa kanuni aliyoithibitisha Rudolf Diesel kule Ujerumani mwaka 1897, haihitaji cheche. Pistoni huibana hewa hadi ikapata joto kali, kisha mafuta hunyunyizwa humo na kuwaka yenyewe. Katika 1HZ, hewa hubanwa hadi sehemu moja ya 22 ya nafasi iliyokuwa nayo. Pampu inayoendeshwa na injini yenyewe ndiyo inayopima mafuta na kuyapeleka kwenye nozeli. Zinapofunguka, nozeli hizo husukumwa na mgandamizo wa takriban mara 150 ya ule wa hewa ya kawaida. Ikishawaka, injini hiyo haingoji ruhusa ya kompyuta yoyote ili iendelee kunguruma.

Tulipokaribia Bunda injini ilianza kukohoa, kisha ikazima. Dereva alimwita fundi mmoja mwenye gereji chini ya mwembe, mzee wa miaka sitini na kitu. Alisikiliza starta mara mbili, akasema, "Imekunywa maji, mwalimu, na sasa imechukua upepo." Alifungua chujio la dizeli, akamwaga maji yaliyokuwa chini yake, akalegeza nati, akapampu kwa kiganja hadi mapovu yakaisha. Dakika 40 baadaye tulikuwa barabarani. Vifaa vyake vilikuwa spana chache, kopo na kitambaa.

Nilimuuliza, "Na hizi mpya, mzee, za wakubwa, unazipokea?"

Akacheka. "Hizo, mwalimu, zinaanza na kompyuta. Mimi nafungua ninachokiona."

Jibu hilo halikuwa la mtu asiyejua kazi. Land Cruiser ya mfululizo wa 300, iliyotoka mwaka 2021, ina dizeli ya lita 3.3 yenye silinda sita za umbo la V, tabo mbili, nguvu ya farasi 300 hivi na gia kumi zinazojibadilisha zenyewe. Ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima. Lakini katika injini za dizeli za kizazi hicho, nozeli hufunguliwa kwa umeme, kwa amri ya kompyuta inayosikiliza vihisi vingi, na mgandamizo wa mafuta huweza kufikia mara 2,000 ya ule wa hewa. Kwenye mgandamizo huo, tone la maji au punje ya vumbi huchimba chuma. Dizeli iliyolala kwenye pipa la kijijini, au iliyochanganywa na mafuta ya taa na mfanyabiashara mjanja, huidhuru pampu yoyote, lakini ile ya zamani hustahimili na hutengenezeka. Ile mpya huua nozeli, na nozeli huagizwa kutoka mbali.

Katika kituo kimoja cha afya nilichopita safarini, ambacho sitakitaja, gari la wagonjwa lilikuwa limepandishwa juu ya magogo. Nozeli zilikuwa zimekufa, na makisio ya matengenezo yalikuwa yakizunguka kutoka ofisi moja hadi nyingine. Muuguzi aliniambia kwamba mama mwenye uchungu pingamizi sasa hupelekwa hospitali kwa bodaboda, dereva mbele, ndugu nyuma akimshikilia. Aliyasema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kwa mama huyo, ubora wa gari haupimwi kwa nguvu za farasi. Hupimwa kwa saa ambazo gari hilo husimama bovu.

Sasa simama asubuhi moja barabarani Musoma, usome namba za magari kama unavyosoma bajeti. SM ni ya halmashauri, STK na STL ni za serikali kuu, SU ni ya shirika la umma, DFP ni ya mradi wa mfadhili. Herufi hizo hutuambia nani amenunua. Hazituambii nani atalitengeneza gari, kwa vipuri gani, na kwa muda gani. Gari la serikali likiharibika hupelekwa TEMESA, na utaratibu huo una mantiki, kwa kuwa fedha ya umma haipaswi kuishia kwenye bili za kubuni. Lakini hakuna karakana, ya umma au ya binafsi, inayoweza kulifufua haraka gari ambalo maarifa yake hayakununuliwa pamoja nalo.

Butiama nilikwenda kaburini kwa Mwalimu, kisha nikapita kwenye makumbusho yake. Wengi wetu tukifika pale huzungumza juu ya unyenyekevu wake, na ni haki. Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Lakini kuna urithi mwingine tunaoutaja mara chache. Mwaka 1985, mwaka ule ule alioondoka madarakani, lilianzishwa rasmi Shirika la Nyumbu huko Kibaha, chini ya jeshi, ili Watanzania wabuni na kuunda magari yao. Nyumbu hakuwahi kujaza barabara zetu, na sababu zake ni nyingi. Hata hivyo swali aliloliuliza lilikuwa sahihi: je, taifa lisiloweza kuunda gari, wala kulielewa, linalimiliki kweli, au limelikodi kwa bei ya kununua?

Tusidanganyane kwamba uwezo haupo. Ukienda lango la Ndabaka, kusini mwa Bunda, utaona magari ya watalii yakiingia Serengeti. Mengi ni Land Cruiser zilizokatwa chesisi, zikarefushwa na kujengewa bodi mpya katika karakana za Arusha. Wenzetu wa Kenya huunganisha pikapu za Land Cruiser Mombasa. Mikono ipo; kilichokosekana ni serikali kuitazama mikono hiyo inapoandika zabuni.

Najua nitaambiwa kwamba naimba wimbo wa chuma cha zamani. Pingamizi hilo lina uzito. Injini kama 1HZ hutoa moshi na masizi ambayo nchi nyingi haziyaruhusu tena, na mapafu ya mtoto wa Musoma hayana tofauti na ya mtoto wa Tokyo. Tangu mwaka 2023 Toyota yenyewe imeanza kuweka kwenye familia ya 70 injini ndogo ya lita 2.8 yenye kompyuta. Mlango wa injini ya spana na kitambaa unafungwa, na hatuna uwezo wa kuuzuia. Ndiyo maana sitetei injini. Natetea ujuzi ulioizunguka, ambao ulitufikia bure kwa sababu injini ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Kizazi kijacho cha magari, yakiwemo ya umeme, hakitatupa zawadi hiyo. Maarifa yake itabidi tuyadai kwa mkataba na tuyafundishe kwa bajeti.

Kwa hiyo nina mambo matatu. Ninyi watumishi wa umma mnaoandaa zabuni: kila ununuzi wa gari ubebe ndani yake vifaa vya kulipima, vipuri vya miaka mitano na mafunzo kwa mafundi wa mkoa litakakofanya kazi. Gari lisilokuja na hayo lihesabiwe kuwa halijakamilika. Ninyi wanaharakati: bei ya shangingi mmeipigia kelele ya kutosha, sasa ulizeni kila halmashauri ina magari mangapi ya wagonjwa, na mangapi yanatembea leo. Ninyi wanafunzi: mkoa huu una VETA pale Musoma, na una Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu, hapo Butiama. Sijui heshima kubwa zaidi kwa jina hilo kuliko darasa ambalo kijana mwenye kompyuta atakaa benchi moja na mzee wa Bunda, mmoja akisoma vihisi, mwingine akisikiliza starta, na gari la wagonjwa likishushwa kwenye magogo kabla ya jua kuzama.