Safari Yetu ya Nyumba ya Mungu

Jumamosi moja ya muhula huu, sisi wanafunzi 31 wa Kidato cha Tatu pamoja na walimu wawili tuliondoka shuleni saa kumi na moja za alfajiri kwenda kulitazama bwawa la Nyumba ya Mungu. Furaha yangu ilizidi ya wenzangu, kwa sababu baba yangu mdogo ni mvuvi huko, nami nilikuwa nimejigamba bwenini wiki nzima kwamba nitawaonyesha mtumbwi wake.

Njiani hakuna la kusimulia ila vumbi. Tulipofika, jua lilikuwa likichomoza nyuma ya milima ya Upare, na upande wa kaskazini Kilimanjaro ulionekana wote, hata theluji yake. Mwalimu wa elimu ya viumbe alitueleza kwamba maji yale huletwa na mito miwili: Kikuletwa, wenye maji ya Meru na Kilimanjaro, na Ruvu, utokao ziwa Jipe. Ukuta ulijengwa katika miaka ya 1960. Hapo ndipo mto Pangani unapotokea, ukazungusha mitambo ya umeme ya megawati 8, na mbele ukazungusha ile ya Hale kabla ya kuingia baharini.

Kisha tukagawanywa makundi ya kuhesabu ndege. Mnandi walikuwa juu ya visiki wametanda mabawa kama nguo zilizoanikwa. Kwazi mmoja alitulia juu ya mti mkavu hata tukamchoka. Mara akashuka, akayagusa maji kwa miguu tu, akapaa na samaki. Viboko tuliwaona masikio na pua. Mwenzetu mmoja alibisha kwamba ni mawe, mpaka jiwe moja lilipopiga miayo! Kuoga tulikatazwa, maana mamba wapo.

Kabla ya chakula Mwalimu alinunua perege kwa wavuvi, akatufunulia kinywa chake. Ndani mlikuwa na mayai machache yaliyosalia. Perege jike huyalea mayai kinywani, na hata watoto wakiisha kutoka, wakitishwa hukimbilia humo humo. Kwa hiyo, akasema, wavu wa macho madogo humchukua mama na kizazi chake. Ndiyo sababu kokoro limekatazwa, na ndiyo sababu mwaka 2016 Serikali ililifunga bwawa lisivuliwe.

Nikaomba ruhusa kwenda kumwamkia baba mdogo, nikapewa, pamoja na mwenzangu mmoja. Tulimkuta kivulini akishona wavu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu! Mbona umekonda? Huko shule hawakupi chakula?”

Tukacheka. Lakini macho yangu yalikuwa juu ya ule wavu. Nilijaribu kupitisha kidole changu cha mwisho katika jicho lake, hakikupita. Baba mdogo aliniona, akaacha kushona.

“Hivyo viatu ulivyovaa,” akasema polepole, “vimetoka humu.”

Ni kweli. Tangu marehemu baba atutoke, sare, nauli na madaftari yangu yote ni yeye. Sikuwa na la kujibu. Mwenzangu akageuka kutazama maji, jambo ambalo namshukuru mpaka leo. Wakati wa kuagana baba mdogo alinipa furushi la samaki wakavu, tena akanitilia shilingi elfu tano mfukoni.

Ndani ya basi nililificha furushi chini ya kiti, lakini harufu haifichiki. Wenzangu wakashangilia. Usiku ule tuliwala bwenini. Hapakuwa na samaki aliyezidi urefu wa kidole. Nami nilikula, na walikuwa watamu.

Jumatatu niliketi kumwandikia barua. Ya kwanza ilikuwa na maneno mengi ya Mwalimu, nikaichana, kwa sababu ilisomeka kama ya mtoto amfundishaye mzazi wake kazi. Ya pili nikaichana pia. Katika ya tatu nilimshukuru kwa samaki, nikauliza hali ya mama mdogo na watoto, kisha mwishoni nikamwomba aniambie bei ya wavu wa macho makubwa, na kama shamba la mahindi letu la mlimani likiuza vizuri mwaka huu, tutapungukiwa na kiasi gani. Nikampa dereva wa basi aifikishe.

Jibu halijafika. Likizo nitakwenda mwenyewe.