Neno la Fanani, Jicho la Hadhira

Ipo filamu moja ambayo ningependa kila mtunzi wa mashairi aitazame, ijapokuwa sehemu yake ya kati hunichosha kila nikiirudia. Ni The Fall, iliyoongozwa na Tarsem Singh, mzaliwa wa India, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Kiini chake kilichukuliwa katika filamu ya Bulgaria ya mwaka 1981 iitwayo Yo Ho Ho. Tarsem aliipiga picha kwa takribani miaka 4, katika nchi zaidi ya 20, na kwa sehemu kubwa alitumia fedha zake mwenyewe.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulika. Katika hospitali moja ya Los Angeles, enzi za filamu zisizo na sauti, amelazwa Roy, kijana ambaye kazi yake ni kuruka na kuanguka badala ya waigizaji wakubwa. Ameanguka kutoka darajani, miguu haina nguvu, na mpenzi wake amechukuliwa na nyota wa filamu ile ile. Yumo pia Alexandria, binti mdogo wa wahamiaji, aliyevunjika mkono kwa kuanguka akichuma machungwa. Roy anamsimulia hadithi ya kundi la wanaume wanaomwinda gavana dhalimu. Kila hadithi inapofika patamu, anaikata. Anataka mtoto avutike, amtii, kisha amwibie mofini ya kutosha kujiulia.

Roy anapotaja Mhindi, maneno yanayofuata yanaonyesha kwamba anamkusudia mwenyeji wa asili wa Amerika, yule ambaye vitabu vyetu vya zamani vilimwita Mhindi Mwekundu. Mtoto anamjua Mhindi mmoja tu, kibarua mwenzao shambani, mwenye kilemba. Basi huyo ndiye tunayemwona katika pazia: upanga, kilemba na ndevu. Fanani anasema hivi, picha inajibu vile, wala hakuna anayemsahihisha mwenzake. Kiswahili chetu kingeutafsiri mzaha huo bila kupoteza hata chembe.

Lipo na jambo zito zaidi. Roy anamwandikia mtoto jina la dawa kwenye karatasi, MORPHINE, na Alexandria, ambaye kusoma kwake bado kunachechemea, anaiona herufi ya mwisho kuwa tarakimu 3. Analeta vidonge vitatu, vingine amevimwaga chooni. Uhai wa mtu unaokolewa na herufi moja iliyosomwa kitoto!

Nilifundisha fasihi simulizi kwa miaka mingi, na vitabu vyetu vyote hukariri kwamba hadhira ni mshiriki wa fanani. Wanafunzi huyaandika hayo kwenye mtihani, wakapata alama, yakaishia hapo. Sijaona kazi nyingine iliyolidhihirisha wazo hilo waziwazi kiasi hiki.

Nguvu ya taswira za filamu hii, kwa hiyo, hutoka wodini. Askari wa gavana wamevaa ngozi nyeusi na vifuniko vya kutisha kwa sababu mtoto amemwona mpiga eksirei katika mavazi yake ya kujikinga. Muuza barafu anakuwa shujaa. Maleba ya Eiko Ishioka yanaukamilisha ulimwengu huo kwa rangi ambazo jicho halizisahau.

Lakini mwongozaji anapoisahau wodi, anabaki mtalii. Tunatoka kwenye matuta ya mchanga ya Namibia, tukatupwa kwenye ngazi za kisima cha Chand Baori, tukaibukia kwenye nyumba za buluu za Jodhpur, na wahusika hawana la kufanya huko ila kupita. Wapo wanaotetea kwamba hadithi imelegea kwa kuwa msimulizi wake ana shida yake binafsi. Utetezi huo naukubali nusu. Roy alegee atakavyo, ila yale majumba na majangwa hayatoki kwake wala kwa mtoto: yanatoka katika hazina ya safari za Tarsem. Sote tumesoma shairi la namna hiyo, vina na mizani timamu, kila ubeti umepambwa, na ukilikamua hupati hata tone.

Kasoro nyingine hainichoshi, inaniuma. Shujaa mweusi wa hadithi anaitwa Otta Benga. Ota Benga alikuwa mtu wa kweli, wa misitu ya Kongo, aliyepelekwa Marekani akaonyeshwa kwa watazamaji katika maonyesho ya St. Louis mwaka 1904, na mwaka 1906 akawekwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx. Mwaka 1916 alijiua. Filamu nzima inahangaikia mtu mmoja asijiue, huku ikilibeba jina la huyu kama pambo, bila neno lolote juu yake.

Hata hivyo huirudia, kwa ajili ya onyesho moja karibu na mwisho. Alexandria ameanguka mara ya pili akiitafuta dawa, na Roy, kalewa, analia kando ya kitanda chake, akiwaua wahusika mmoja baada ya mwingine. Mtoto anamsihi aache, kwani hadithi hiyo ni yake pia. Majangwa na makasri yanaendelea kupita, ila mimi siyaangalii. Naangalia kitanda, na mtoto aliyefungwa bandeji kichwani akimgombania mtu aliye hai kwa kumgombania mtu wa hadithini.