Kabila Lako Gani?

Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Kenya, alimtangaza Mwai Kibaki mshindi wa urais kupitia runinga ya taifa. Giza lilikuwa linaingia Kibaki alipoapishwa Ikulu. Kule Olympic, Kibera, nilikokuwa nimepanga chumba, tulisikia kelele zikipanda kutoka bonde la Gatwekera, na punde moshi ukafuata. Siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tangu hapo, aliyetaka kujua yanayotendeka mtaa wa pili alitegemea simu, na kadi za simu nazo zilikuwa zimeadimika madukani. La sivyo alitafuta nyumba yenye dishi, akatazame vituo vya ng'ambo.

Kwa hiyo mimi siwezi kusema wageni walituletea uongo mtupu. Moto walioonyesha ulikuwa moto. Vijana waliong'oa reli Kibera waliing'oa kweli. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa limejaa watu waliokimbilia usalama, wengi wao akina mama na watoto. Hakuna kilichohitaji kutiwa chumvi.

Mwanzoni mwa Januari nikapata kibarua cha kuwakalimania watangazaji wa idhaa moja kubwa ya kimataifa. Walilala hoteli za katikati ya jiji na walilipa kwa dola. Mwandishi wao alikuwa jasiri, hilo nitalisema popote. Askari wa GSU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, walipofyatua vitoa machozi, yeye ndiye aliyenivuta nyuma ya kibanda cha chipsi. Ila alikuwa na swali moja ambalo kila mtu aliulizwa kabla hata ya kujuliwa hali: wewe ni kabila gani? Baada ya siku kadhaa watu walianza kulijibu kabla sijalitafsiri.

Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa akiuza mitumba soko la Toi kabla halijateketezwa. Alizungumza kwa kirefu. Alieleza alivyopanga foleni tangu alfajiri siku ya kura, alivyokesha akisikiliza hesabu za majimbo redioni, na jinsi mtaji wake wote ulivyokwenda na moto. Mwishoni kabisa akagusia kwamba jirani yake Mkikuyu amehama na wanawe. Jioni ile kilichorushwa hewani ni maneno hayo ya mwisho tu, yakitanguliwa na sauti ya mwandishi ikisimulia uhasama wa makabila wa tangu enzi na enzi. Taarifa nyingine zilianza kuitaja Rwanda.

Enzi gani? Miaka mitano tu nyuma, Oktoba 2002, Raila Odinga, Mjaluo aliyekuja kuwa mpinzani wa Kibaki 2007, alisimama Uhuru Park akatamka "Kibaki Tosha", na Wajaluo kwa Wakikuyu wakapiga kura pamoja kukiondoa chama cha KANU madarakani.

Na bado kabila lilikuwepo. Hapo ndipo jambo hili huwa gumu kulieleza, hasa mbele ya Wakenya wenzangu wanaopenda kudai kwamba sote tulikuwa ndugu hadi wanasiasa walipotuchonganisha. Kibera ardhi ilikuwa ya serikali, lakini vyumba vilikuwa na wenyewe. Wenye nyumba wengi walikuwa Wanubi na Wakikuyu. Wapangaji wengi walikuwa Wajaluo. Mwishoni mwa 2001 watu walikuwa tayari wameuana kwa ajili ya kodi, wakati hakuna uchaguzi wowote. Kwa hiyo milango ilipovunjwa 2008, kijana aliyeingia chumbani alikuwa anagombea kura iliyoibwa, kwa imani yake, na papo hapo anajipatia chumba kisicho na kodi. Nilijaribu kumweleza mwandishi wangu habari za kodi tukiwa garini. Alisikiliza kwa adabu, akasema ni nzuri sana, lakini ana dakika mbili tu.

Halafu kuna risasi. Katika zile picha za mapanga walizorusha wageni, polisi walionekana kama watu waliokuja kuamulia. Oktoba 2008, Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilipotoa ripoti yake, ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Mapanga hayafyatui risasi. Lakini kufikia Oktoba wageni wangu walikuwa wameondoka zamani. Kwao, Kofi Annan alipowapatanisha Kibaki na Raila tarehe 28 Februari, habari ilikuwa imekwisha.

Machi 2013, kwa uchaguzi uliofuata, wanahabari wa kigeni walirudi kwa wingi, na Wakenya wakawacheka sana mtandaoni: hawa wamekuja kungoja damu. Nilicheka pia, kidogo. Maana vituo vyetu vyenyewe, kwa kuogopa kulaumiwa tena kama redio za lugha za mama zilivyolaumiwa 2008, vilikuwa vinahubiri amani asubuhi hadi usiku. Mitambo ya kutambua wapiga kura ilipokwama, na ile ya kupeperusha matokeo ikafuata, watangazaji walituomba tuwe watulivu. Mimi nikachukua rimoti, nikahamia kituo cha ng'ambo.