Saruji ya Jino Nayo Ni Amana



Sisi wa Kagera hatuhitaji kuelezwa thamani ya saruji. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitufundisha lilipozipasua na kuziangusha nyumba nyingi. Katika kamati yetu ya msikiti, mimi nikiwa katibu, kila mfuko unaoingia huandikwa: umenunuliwa lini, umehifadhiwa wapi, umechanganywa kwa kipimo gani. Lakini iko saruji nyingine ambayo familia zetu huilipia bila kuiuliza, nayo ni ile inayotiwa ndani ya jino.

Jino likioza hadi kwenye kiini, wengi wetu huling'oa. Njia ya pili ni kuusafisha mzizi na kuuziba. Endapo sehemu ya juu imebaki kidogo, daktari hupachika kijiti cha chuma au cha nyuzi za kioo ndani ya mzizi, akakigandisha kwa saruji ya meno, kisha akajenga jino juu yake. Wengi hudhani kijiti huutia mzizi nguvu. Sivyo, kazi yake ni kukishikilia kilichojengwa juu. Kwa hiyo mategemeo makubwa ni mawili: mabaki mazima ya jino juu ya ufizi, yapatayo milimita 2 kuzunguka pande zote, na ile saruji.

Miaka kadhaa iliyopita nilitiwa kijiti cha namna hiyo katika jino la mbele la juu, kwenye kliniki moja wilayani Muleba. Hakikutimiza miezi minne. Kilitoka nikila ndizi zilizoiva vyema, chakula anachokiweza hata mtoto asiye na meno. Kwa msomaji wa Qur'an pengo hilo si la sura tu. Herufi za thaa, dhaal na dhwaa hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa ncha za meno hayo, na faa kwa meno hayo na mdomo wa chini. Wanafunzi wangu wa madrasa waliisikia tofauti kabla sijawaeleza.

Daktari aliyenipokea Bukoba alikigeuza kijiti kwenye mwanga, akanionesha saruji imekivaa chote kama ala ya kisu. Akasema: “Imeshika kijiti, haikushika jino.”

Akanifafanulia sababu zinazoweza kuleta hali hiyo. Ukuta wa mzizi ukiingiwa na mate kabla ya saruji, hakuna mshiko. Mzizi ukiwa umezibwa kwa dawa yenye mafuta ya karafuu, mabaki yake yasipoondolewa huizuia saruji ya rezini isikauke sawasawa. Dawa ya klorini inayosafishia mzizi nayo huweza kuudhoofisha mshiko huo. Zipo saruji zinazokauka kwa mwanga wa taa, na mwanga haufiki vizuri chini ya mzizi. Huko yafaa ile inayojikausha yenyewe pia. Mapovu ya hewa, kipimo kilichokosewa, joto la ghalani na tarehe iliyopita, vyote huharibu. Kijiti kikilegea, mate na vijidudu hupenya, na mzizi uliokwisha kutibiwa huoza upya.

Dini yetu haikulipuuza jambo hili. Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.), aliyepoteza pua siku ya Kulab, alitumia pua ya fedha ikamletea harufu mbaya, Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie ya dhahabu. Wanazuoni wakaichukua kuwa hoja ya kufunga meno kwa dhahabu. Tazama hapo: ubora wa kitu kinachowekwa mwilini ulizingatiwa. Na imepokewa kutoka kwake kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara.

Basi wazazi wenzangu, mnapompeleka mtoto au mzee kwa daktari wa meno, ulizeni kwa adabu: Ni saruji ya aina gani? Tarehe yake ya mwisho ni lini? Mate yatazuiwaje? Jino lililobaki linatosha kubeba kijiti? Tabibu mwaminifu hakasirishwi na maswali hayo. Asiye na sifa ya kazi hii, hata akiwa na bei nafuu, mwepukeni.

Nanyi waganga wa meno mlio Waislamu, kazi yenu hufunikwa siku hiyo hiyo, na mgonjwa hana jicho la kuikagua. Fundi wa ukuta huonwa na jirani; ninyi ndani ya mzizi mnaonwa na Allah peke yake. Atujaalie sote kuwa watu wa amana. Amin.