Wito Hauko Kwenye Sare

Kwetu sharikani, likitajwa neno wito, wengi humfikiria kwanza mchungaji, kisha mwinjilisti, kisha mwalimu na muuguzi. Mimi nilikuwa katika kundi hilo la mwisho. Kwa miaka 11 nilivaa sare nyeupe, nikahudumu wodi ya wazazi na baadaye kliniki ya mama na mtoto. Hata sokoni watu waliniita "nesi", nami niliitika kama ninavyoitikia jina langu la ubatizo. Kwa hiyo nilipoamua, nikiwa na miaka 36, kuacha uuguzi na kujifunza usanifu wa programu za simu, swali lililonifikia halikuwa la mshahara. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza baada ya ibada, kwa upole kabisa: "Binti yangu, na wito je? Unaurudisha kwa nani?"

Swali hilo nililibeba zaidi ya mwaka. Naliandika hapa kwa kuwa najua sikulibeba peke yangu. Siku hizi watu wengi hubadilisha kazi wakiwa watu wazima, na waumini wengi huogopa kwamba wakibadilisha kazi wanamgeuka Mungu aliyewapa ile ya kwanza.

Mama yangu aliuliza kwa namna yake. Aliuza ndizi sokoni Moshi mpaka nikamaliza chuo cha uuguzi. Nilipomweleza mpango wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mwanangu, nikiulizwa unafanya kazi gani, nijibu nini?" Lilikuwa swali la haki. Kazi yenyewe huitwa usanifu wa uzoefu wa mtumiaji, jina refu lisilosaidia sana kuieleza. Kwa lugha nyepesi ni hivi: mtu akifungua programu kwenye simu yake, kuna aliyekaa na kuamua aone nini kwanza, aulizwe maswali gani, kwa maneno yapi, na akikwama atarudije. Jina la kazi hii ni changa. Lilienea kuanzia miaka ya 1990, hasa kupitia Donald Norman, Mmarekani aliyesomea saikolojia na kufanya kazi katika kampuni ya Apple.

Sikuondoka hospitali kwa kuwachoka wagonjwa. Nililoshindwa kulisahau ni dirisha la mapokezi. Kwa miaka mingi niliwaona kina mama wakifika pale na karatasi wasizozielewa, wakiulizwa mambo mbele ya foleni, wakiinamisha vichwa. Wengine walikuja kliniki ujauzito ukiwa mkubwa. Wengine walikuja mara moja, hawakurudi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mama mjamzito aonane na mtoa huduma walau mara 8. Mimi nilikuwa nawahudumia waliofanikiwa kupita dirishani. Nilizidi kuwawaza wale wasiofika.

Basi nikaanza kusoma usiku, kwa bando la intaneti na kompyuta iliyokwisha kutumika, niliyoinunua kwa akiba ya kikoba. Baada ya mwaka na miezi kadhaa nilipata kazi katika ofisi ndogo iliyokuwa ikitengeneza programu ya kuwakumbusha wajawazito tarehe za kliniki. Mshahara ulikuwa nusu ya ule niliouacha. Mwalimu wangu pale alikuwa kijana wa miaka 24. Asubuhi alinipa shikamoo, halafu mchana kutwa alinifundisha. Wodini nilikuwa mtu wa kuulizwa, na ofisini nikawa mtu wa kuuliza. Namshukuru Mungu kwa miezi ile, maana unyenyekevu nilikuwa nimeusikia sana mimbarani, lakini pale ndipo nilipoufanyia mazoezi kila siku.

Somo gumu kuliko yote lilikuwa kunyamaza. Katika kazi hii, kabla programu haijakamilika, huchorwa kwanza kwenye karatasi, kisha hupewa watu waijaribu. Si lazima wawe wengi. Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, amefundisha kwamba hata watu 5 wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya matatizo. Kanuni ni kwamba wewe uliye mbele yao husaidii. Unampa mtu kazi ya kufanya, unakaa, unatazama, unaandika. Kwa muuguzi hilo ni kinyume cha yote aliyofundishwa, maana mikono yangu imezoea kukimbilia anayehangaika.

Mmoja wa watu wetu 5 wa kwanza alikuwa dada mmoja mkulima, mjamzito wa miezi mitano. Programu ilimwuliza siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Swali hilo ni la lazima, kwa kuwa ndipo wiki 40 za ujauzito huanza kuhesabiwa. Ilimwonyesha kalenda achague tarehe. Akaitazama, akaigusa, akairudisha nyuma, akaiacha. Mimi nimekaa, nimeuma midomo. Hatimaye akasema, "Ilikuwa wiki tuliyomaliza kuvuna mpunga." Jibu lake lilikuwa sahihi na muuguzi yeyote angelitumia. Kalenda ndiyo iliyokosa pa kulipokea. Mbele kidogo akakuta kitufe kimeandikwa "Wasilisha". Akaniuliza, "Niwasilishe ofisi gani?" Kisha akanirudishia simu na kusema, "Samahani dada, mimi sikusoma sana."

Donald Norman aliandika kuhusu jambo hili katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1988: watu wakishindwa kutumia kitu hujilaumu wenyewe, hata pale ambapo kasoro iko katika kitu chenyewe. Nilikuwa nimelisoma. Lakini kulisikia kutoka kwa mwanamke aliyekuwa na jibu sahihi mdomoni, akaomba radhi, kuliniumiza kwa namna nyingine. Nilitambua sauti ile. Ndiyo sauti ya dirishani, ya wale walioinamisha vichwa. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa nimekaa mahali ambapo ningeweza kuwaondolea sababu ya kuomba radhi. Tuliweka swali la mwezi kwanza, kisha tukaongeza nafasi ya kutaja msimu au sikukuu iliyokuwa karibu, ili muuguzi akadirie naye pamoja wakikutana kliniki. "Wasilisha" tukaibadilisha kuwa "Tuma", neno ambalo kila anayetuma pesa kwa simu analijua.

Tangu siku hiyo habari ya Bartimayo, kipofu wa Yeriko, naisoma kwa macho mengine. Yesu alikuwa na uwezo wote, na upofu wa mtu yule ulionekana na kila aliyekuwa barabarani. Hata hivyo Bwana alimsimamisha, akamwuliza anataka afanyiwe nini. Zamani niliona swali hilo kama utaratibu tu. Sasa naona heshima ndani yake. Umati ulikuwa umemwambia anyamaze, Bwana akampa nafasi ya kusema haja yake kwa kinywa chake. Nehemia naye alipofika Yerusalemu hakuanza kwa kutoa amri za ujenzi. Alizunguka kuta usiku akizikagua, kabla ya kuwaambia wakubwa lolote.

Hata pesa zinazotumwa kwa simu zina historia ya namna hiyo. Majaribio ya M-Pesa yalipoanza Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwawezesha watu kurejesha mikopo midogo. Walioijaribu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Waliosimamia waliona hilo, wakaibadilisha huduma kabla ya kuizindua mwaka 2007. Wangeshikilia mpango wao wa kwanza, labda leo wengi wetu tusingetuma ada ya shule au sadaka kwa njia ile.

Nimerudi mara nyingi kwenye swali la mzee wa kanisa. Sisi Walutheri tuna urithi unaoweza kumjibu, ingawa mara nyingine tunausahau. Martin Luther alikuwa mtawa, na katika wakati wake wengi waliamini kwamba wenye wito ni mapadre, watawa na masista. Yeye alifundisha kwamba fundi viatu, mkulima na mama anayelea mtoto wana wito mbele za Mungu kama padre. Katika Kijerumani chake, neno Beruf likabeba maana ya kazi na ya wito pia. Kwa mafundisho hayo, ninayeitiwa ni jirani. Kazi ni njia ya kumfikia, na njia inaweza kubadilika bila jirani kuachwa.

Sisemi kwamba kila anayehama kazi ameongozwa na Mungu. Kuna kuhama kwa tamaa, na kuna kukimbia watu. Kwangu kipimo kimekuwa swali moja: baada ya kuhama, jirani nimemwona zaidi au nimemwona kidogo? Nilipokuwa muuguzi niliwapenda wagonjwa wangu, namshukuru Mungu kwa hilo, nami sijutii hata zamu moja ya usiku. Katika kazi hii mpya nimefundishwa kukaa karibu na mtu bila kumtangulia, kumsikiliza mpaka mwisho, na kuamini kwamba anajua jambo nisilolijua. Hata maombi yangu yamebadilika. Namwachia Bwana ukimya mrefu kuliko zamani.

Mama hajaikariri kazi yangu mpya. Akinitambulisha kwa wageni bado husema, "Huyu ndiye binti yangu nesi." Simsahihishi. Na yule mzee wa kanisa, tulipokutana tena, nilimwambia kwamba wito sikuurudisha kwa mtu yeyote. Ninao, ila siku hizi nauvaa na nguo za kawaida.